Matumbawe: Jiwe Lililojenga Miji Yetu

Msomaji mpenzi, ukianza safari yako Shimoni kule Kwale, ukapita Mombasa na Kilifi hadi ukafika Malindi, njia nzima unakanyaga mabaki ya wanyama. Sikufanyii mzaha. Ule mwamba mweupe ulioko chini ya barabara, chini ya minazi, na chini ya madarasa haya tunamosomea, ni mifupa ya viumbe wadogo wa baharini waliokufa zamani mno. Jiwe hilo twaliita jiwe la matumbawe. Wenzetu wa bara waliojiunga nasi hapa shuleni hulishangaa sana. Wao wamezoea mawe ya kijivu ya Nairobi, yaliyotokana na majivu ya volkano, wakiona ukuta wenye makombe na konokono ndani yake huuliza, "Jama, huyu fundi alichanganya mawe na mchanga wa pwani?" La hasha! Makombe hayo yalikuwamo ndani ya jiwe kabla hajazaliwa fundi yeyote duniani.

Nimeombwa na wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili niandike juu ya jiwe hili, nami nimekubali kwa sababu mbili. Kwanza, watu wa pwani tumelala ndani ya jiwe hili kwa karne nyingi bila kulijua vizuri. Pili, siku hizi tunaliua polepole kwa dawa tunayodhani ni ya kulitibu. Nitafika huko. Hebu kwanza tuanze baharini.

Tumbawe lililo hai ni mkusanyiko wa viumbe wengi waliobanana pamoja. Kila kimoja ni kiumbe laini, chenye umbo la kifuko, mdomo mmoja tu juu, na minyiri midogo kuuzunguka mdomo huo. Kiumbe hiki hutoa kutoka maji ya bahari madini ambayo walimu wetu wa Kemia huyaita kalsiamu kaboneti, kisha hujijengea kikombe kigumu cha kukalia. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutumia mwanga wa jua kutengeneza chakula, na sehemu kubwa ya chakula hicho humlisha mwenyeji wake. Ndiyo maana matumbawe yanayojenga miamba hustawi katika maji ya uvuguvugu, yasiyo na kina kirefu, na yaliyo safi kiasi cha kupitisha jua. Kiumbe akifa, kikombe chake hubaki, na wengine hujenga juu yake. Fikiria mji ambao kila kizazi kinajenga ghorofa juu ya makaburi ya babu zake. Matumbawe ya duara, yale makubwa kama vichuguu, hurefuka kiasi cha sentimita 1 hivi kwa mwaka. Hawana haraka hata kidogo.

Sasa, vipi mwamba wa baharini ukafika nchi kavu, hata tukaujengea shule juu yake? Miaka ipatayo 125,000 iliyopita, dunia ilikuwa na joto kuliko ilivyokuwa katika enzi za baadaye za barafu, na bahari ilikuwa juu ya kiwango cha leo kwa mita 6 hivi. Sehemu kubwa ya pwani yetu ilikuwa chini ya maji, na matumbawe yakaota yakajaa. Baadaye ikaja enzi ya barafu. Maji mengi ya dunia yakaganda huko kaskazini na kusini, bahari ikashuka kwa zaidi ya mita 100, na matumbawe yakaachwa juani kama samaki aliyesahauliwa na maji ya kupwa. Yakafa yote. Hata bahari iliporudi kupanda, haikufika tena ilikokuwa zamani.

Lakini kufa si mwisho wa jiwe. Mvua ilinyesha juu ya mwamba huo kwa maelfu ya miaka. Maji ya mvua huwa na uchachu kidogo kwa sababu hubeba hewa ya kaboni dayoksaidi kutoka angani na udongoni. Uchachu huo uliyeyusha chokaa kidogo hapa, ukaiweka pale. Ukatoboa mashimo upande mmoja, na upande mwingine ukagandisha makombe, mchanga na vipande vya matumbawe vikawa kitu kimoja. Mapango ya Shimoni, ambayo ndiyo yaliyoupa mji ule jina lake, ni kazi ya maji hayo hayo. Kwa hivyo, jiwe letu ni gumu lakini lina vitundu vingi kama sponji. Shika hapo, msomaji. Vitundu hivyo ndiyo siri ya habari yote inayofuata.

Jiwe hili lina binamu yake Ulaya, nalo ni travatino. Warumi walilichimba karibu na Tivoli, wakalitumia kujengea uwanja wao mkubwa wa Colosseum uliofunguliwa mwaka 80. Nalo pia ni kalsiamu kaboneti, lina vitundu vile vile, lakini halikujengwa na wanyama. Travatino hutokea pale maji ya chemchemi yaliyojaa chokaa yanapotoka ardhini, yakapoteza hewa yake ya kaboni, na chokaa ikabaki nyuma ikiganda tabaka juu ya tabaka. Yule aliyefika Ziwa Bogoria akaona magamba magumu kandokando ya chemchemi za maji moto, ameona jambo la ukoo huo. Lakini mimi ni mtu wa pwani, wacha nirudi kwetu.

Mafundi wa zamani walijua mawe mawili, si moja. La kwanza walilikata baharini likiwa bichi, hasa yale matumbawe ya duara niliyoyataja. Likitoka majini ni laini, linakatika kwa shoka kama muhogo, na fundi anaweza kulichonga maua, hirizi za kamba na hata maandishi ya Kiarabu. Likikauka huwa gumu. Jiwe hili walilitumia mahali pa heshima: mihrabu za misikiti, miimo ya milango na makaburi ya wakubwa. Nenda Kizimkazi, Unguja, utaona katika msikiti wa zamani maandishi yaliyochongwa juu ya matumbawe yenye mwaka 500 wa Hijria, yaani 1107. Kule Shanga katika kisiwa cha Pate, wataalamu wa mambo ya kale waliochimba miaka ya 1980 waligundua kwamba watu wa mji ule walianza kwa kujenga msikiti wa miti, kisha wakaujenga tena na tena mahali pale pale mpaka wakaingia kutumia matumbawe ya baharini. Kwa hivyo mtu asikudanganye ati nyumba za mawe zililetwa na meli zikiwa tayari. Zilikua hapa hapa, hatua kwa hatua, kutoka katika nyumba za miti na udongo.

Jiwe la pili ni lile la kuchimba nchi kavu. Hili halichongeki vizuri. Limejaa makombe na mashimo, likigongwa linavunjika linavyotaka lenyewe. Ndilo lililojaza kuta za Gedi, za Lamu, za Mnarani na za Mji wa Kale wa Mombasa. Kwa sababu vipande vyake havina umbo maalumu, vilihitaji kitu cha kuvishikanisha. Kitu hicho ni chokaa, na hapa ndipo akili ya wazee wetu inaponishangaza kabisa.

Chokaa nayo imetoka katika jiwe lile lile. Walipanga magogo ya mikoko kwa umbo la duara, tabaka juu ya tabaka, wakaacha tundu katikati la kutilia moto, kisha wakamwaga juu vipande vidogo vya matumbawe. Moto uliwaka usiku kucha. Jiwe likifika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi, hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi, na kinachobaki ni chokaa kali isiyozimwa. Kilo 100 za jiwe safi hutoa kilo 56 tu za chokaa, zile 44 zimeruka hewani! Chokaa hiyo ukiitia maji huchemka na kutoa mvuke kama chungu cha uji, na inaweza kumchoma mtu vibaya, basi usiichezee. Wazee waliiacha inyeshewe na mvua na umande kwa muda mrefu, wengine kwa miezi, hadi izime kabisa na kuwa laini kama samli.

Halafu fundi huichanganya na mchanga, akajengea ukuta. Unadhani imekwisha? Bado. Chokaa ile iliyo ukutani huanza kuvuta tena hewa ya kaboni dayoksaidi kutoka angani, ile ile iliyoitoa kwenye moto, na kidogo kidogo hurudi kuwa kalsiamu kaboneti. Yaani jiwe limechomwa, likawa unga, likawa uji, kisha likarudi kuwa jiwe! Ukuta mnene huchukua miaka mingi kukamilisha jambo hilo. Kwa hivyo, baada ya yote, jiwe na kinachoshikilia jiwe ni ndugu wa baba mmoja na mama mmoja. Wananyweka pamoja, wanakauka pamoja, wanatanuka pamoja.

Wanaosoma Kemia wanaweza kuhakikisha kwa macho yao. Weka kipande kidogo cha matumbawe ndani ya chupa ya maabara, dondoshea asidi hafifu ya haidrokloriki, na uelekeze povu linalotoka kwenye maji ya chokaa yaliyo safi. Maji yatageuka kuwa kama maziwa. Tulifanya hivyo muhula uliopita na darasa zima likapiga makofi, ingawa mwalimu alikuwa ametuonya tusipige kelele. Asiye na maabara akamulie ndimu juu ya jiwe kisha aweke sikio karibu. Litachemka kwa sauti ndogo.

Ukuta wa matumbawe na chokaa huwa na unene wa nusu mita hivi. Mchana jua linapochoma, joto huchukua saa nyingi kupenya. Ndiyo maana ukiingia nyumba ya zamani ya Lamu saa nane mchana unahisi umeingia ndani ya mtungi. Vyumba vyake ni virefu lakini vyembamba, upana wa mita 3 hivi au pungufu yake, na sababu yake si ushamba wala uchoyo wa nafasi. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuchukua uzito wa mawe na chokaa kwa upana mkubwa zaidi ya huo bila kupinda. Kwa maneno mengine, mti wa mkoko ndiye aliyekuwa mchoraji wa ramani za nyumba zetu. Ndani wakatengeneza zidaka, yale matundu ya ukutani yaliyopangwa safu safu na kupambwa kwa chokaa iliyochongwa ikiwa bado haijakauka. Mtu aliyeziona zidaka za nyumba moja nzuri ya Lamu hatasema tena kwamba urembo ni kupaka rangi.

Basi tufike kwenye lile nililoahidi. Ardhi ya visiwa vyetu imejaa chumvi. Maji yaliyo chini ya msingi hupanda ndani ya ukuta kupitia vile vitundu, kama mafuta yanavyopanda utambi wa kandili, nayo hupanda na chumvi yake. Ukuta ukiwa umepakwa lipu ya chokaa, maji hufika juu ya uso wa ukuta, yakakauka kwa upepo, na chumvi hubaki kwenye lipu. Baada ya miaka kadhaa lipu huchakaa na kubanduka. Fundi huja akaipiga upya, na kila mwaka kabla ya Idi watu hupaka chokaa nyeupe. Lipu ndiyo inayokufa ili jiwe lipone. Hiyo ndiyo kazi yake.

Ukipiga plasta ya simiti juu ya ukuta huo mambo hugeuka. Simiti ni ngumu kuliko jiwe lenyewe na haipitishi unyevu kwa wepesi. Maji yanapanda, yanafika nyuma ya plasta, hayana pa kutokea. Yanapanda juu zaidi, hata mahali ambapo hayakuwahi kufika tangu nyumba ijengwe. Chumvi nayo hugandia ndani ya vitundu vya jiwe, na chembe za chumvi zinapokua husukuma kwa nguvu nyingi mpaka jiwe likawa unga. Kwa nje utaona ukuta umenyooka, unang'aa, hata jirani anakusifu. Kwa ndani panaliwa. Siku plasta itakapobanduka, itabanduka na kipande cha jiwe mgongoni.

Haya sikuyasoma tu. Nyanya yangu ana nyumba ndogo katika Mji wa Kale, ukuta wake wa upande wa uani ulikuwa na madoa. Miaka michache iliyopita alikuja mwanakandarasi mmoja akamwambia, "Mama, chokaa ni mambo ya kizamani, nitakupigia simiti usahau." Akalipwa, akaenda. Mwaka wa kwanza nyumba ilikuwa kama bibi harusi. Mwaka wa pili madoa yalirudi, safari hii yalipanda hadi kwenye zidaka, na nyanya akaanza kukohoa kila alipolala chumba kile. Mwaka wa tatu plasta ilifura kama andazi. Nyanya, ambaye pesa zake ni za kuuza mahamri na mbaazi asubuhi, aliambiwa dawa yake ni kupiga simiti nyingine juu ya ile, nzito zaidi.

Bahati ami yangu alimjua fundi mmoja mzee. Mzee yule alifika, hakusema kitu, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole toka chini mpaka juu huku akisikiliza, kama daktari na mgonjwa wa kifua. Kisha akaniambia mimi niliyekuwa nimemshikia ndoo, "Jiwe hili lahema, mjukuu wangu. Wameliziba pua na mdomo." Alibandua simiti yote kwa tindo na nyundo ndogo, na ndani tulikuta jiwe lililolainika kiasi kwamba lilichoteka kwa kijiko. Hakupiga lipu siku ile. Aliusugua ukuta kwa ufagio wa chelewa, akaukung'uta chumvi, akauacha uchi msimu mzima wa kaskazi ili upepo ufanye kazi yake. Nyanya alinung'unika sana juu ya wageni watakaoona ukuta umechimbika, lakini mzee hakukubali. "Haraka ndiyo iliyokutia gharama, bibi," alimwambia. Ndipo akaja na chokaa iliyolowekwa kwenye pipa, sehemu moja ya chokaa kwa tatu za mchanga wa mtoni ulio safi. Mchanga wa baharini aliukataa katakata kwa sababu ya chumvi. Alipiga tabaka nyembamba, akaacha ishike, akapiga nyingine, na kila jioni nilitumwa kunyunyizia maji na kutundika magunia mabichi ukutani ili isikauke kwa ghafla ikapasuka. Chumba kile leo hakina harufu ya uvundo, na nyanya analala humo.

Nikamuuliza mzee ana wanafunzi wangapi. Akacheka. Alikuwa naye kijana mmoja, akaenda kuendesha bodaboda kwa sababu inalipa kila siku. Simlaumu kijana. Chokaa hulipa polepole kama inavyokauka.

Sisemi simiti ni adui. Nyumba ya kisasa, ghorofa, daraja, tangi la maji, vyote vyataka simiti. Na tena, kumbe simiti nayo ni mtoto wa matumbawe! Kiwanda cha Bamburi kilichoanza kutoa saruji mwaka 1954 kilikuwa kikichimba mwamba huu huu, kikauchanganya na udongo wenye madini mengine, kikauchoma kwa joto la nyuzi 1,450 hivi. Tofauti ni kwamba chokaa hurudi kuwa jiwe lililoizaa, lakini saruji hugeuka kitu kingine kabisa, kigeni kwa jiwe la zamani. Kosa ni kumvisha mzee nguo ya kijana. Vivyo hivyo na boriti. Watu wengi hung'oa boriti zilizooza wakamimina zege lenye nondo juu ya kuta za zamani. Zege ni zito, na nondo katika hewa ya chumvi hupata kutu, zikipata kutu hufura, zikifura hupasua zege. Ndani ya miaka michache dari inadondosha vipande, na kuta zilizozoea uzito mdogo zimeanza kufunguka.

Kwamba nyumba za namna hii huweza kuua zikiachwa kuharibika, tuliliona kwa jirani zetu wa Zanzibar. Beit al Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, lilikuwa limefungiwa wageni kwa miaka kadhaa kwa ubovu. Tarehe 25 Desemba 2020, kazi ya ukarabati ikiendelea, sehemu kubwa ya jumba hilo iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Mji Mkongwe wa Zanzibar ni urithi wa dunia, kama ilivyo Lamu tangu mwaka 2001, Fort Jesus tangu 2011 na Gedi tangu 2024. Cheti cha UNESCO ni fahari, lakini hakishikilii ukuta.

Jambo jingine ni wapi tunalipata jiwe lenyewe. La baharini hatuwezi kulikata tena, na hilo ni jema. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilianzishwa mwaka 1968, na matumbawe yaliyo hai yana taabu zake za kutosha. Mwaka 1998 maji ya bahari yalipopata joto kupita kiasi, matumbawe yaliwatapika wale mwani wanaowalisha, yakageuka meupe, na mengi ya pwani yetu yakafa. Mikoko nayo ya kuchomea chokaa si ya kuchezea. Serikali ilipiga marufuku kuuza boriti nje ya nchi mwaka 1982, na marufuku ya kukata miti ya mwaka 2018 iliwabana sana watu wa Lamu waliotegemea kazi hiyo. Kwa hivyo yule anayesema turudi kwenye tanuri za magogo kama zamani hajapiga hesabu. Chokaa iliyozimwa inauzwa madukani katika mifuko, na fundi anayejua kuiloweka muda wa kutosha hufanya nayo kazi nzuri.

La nchi kavu bado linachimbwa sana. Nenda Tiwi au Vipingo uone matimbo, mashine zikikata vitalu vilivyonyooka kama mkate wa boflo. Jiwe likitoka chini huwa na unyevu na ulaini, msumeno unapita bila shida. Likikaa juani hukaza uso wake. Ni kazi inayolisha nyumba nyingi. Lakini timbo likiisha huachwa wazi, mvua inalijaza, mbu wanazaana, na watoto wanaogelea mahali pasipo na ngazi ya kutokea. Kwamba shimo la namna hiyo linaweza kufufuliwa, Bamburi wenyewe walionyesha. Kuanzia mwaka 1971, mtaalamu René Haller alijaribu kupanda miti kwenye matimbo yaliyokwisha kuchimbwa, mahali palipokuwa pakavu na peupe kama sahani. Mvinje ndio ulioonyesha ubabe kushinda wote. Tatizo likawa majani yake membamba hayaozi upesi, yamerundikana tu, hakuna udongo. Akaleta majongoo wenye miguu myekundu. Wakala majani, wakatoa kinyesi, kinyesi kikawa mbolea, na udongo ukaanza. Leo pale pana msitu, na wengi wetu tumepelekwa huko na shule ya msingi kutazama viboko na kobe wakubwa bila kuambiwa kwamba jongoo ndiye aliyeanzisha shughuli yote.

Mwenye hamu ya kuliona jiwe hili katika hali zake zote asisubiri safari ya Lamu. Aende Fort Jesus, Ngomeni kama tunavyopaita sisi wa Mombasa, wakati maji yamekupwa, ashuke upande wa baharini. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya ukingo wa matumbawe, kwa ramani ya Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Chini miguuni mwake ataona mwamba uliojengwa na wanyama, na mawimbi yameutafuna kwa ndani. Akiinua macho ataona mwamba huo huo ukiwa umechongwa ukasimama wima. Juu yake ni mawe yaliyopangwa na watu, na kati ya jiwe na jiwe kuna chokaa iliyochomwa ikarudi kuwa jiwe. Apapase kwa mkono kuanzia chini kwenda juu. Nimejaribu mara nyingi kutafuta mahali hasa mwamba unapokoma na ukuta unapoanza, na pana sehemu ambazo huwezi kuona mpaka mpaka ukaribie ukavigusa vyote viwili kwa pamoja.